Mbonyeo wa Tomnavarra

Barua kutoka Tomnavarra ilifika wiki ya mwisho ya Machi, mwaka 1961, na Eben Gauld aliisomea mlangoni mwa karakana yake, kofia kichwani, nyundo kwapani. Alikuwa mfua shaba, mtoto wa mfua shaba, mjukuu wa mfua shaba, na barua za namna hiyo alizijua kabla ya kuzifungua. Mtungi wetu wa kupikia wiski umechoka, ukuta wake umekuwa mwembamba. Tunaomba mpya, kipimo kilekile, shingo ileile, ribiti kwa ribiti. Ndimi J. Duguid, meneja.

Chini ya sahihi paliongezwa mstari mmoja kwa wino mwingine: "Na mbonyeo wake, palepale."

Eben aliikunja barua akaitia mfukoni. Siku hiyo hakushika kazi tena, na mkewe angekuwa hai angemuuliza amepatwa na nini.

Ili mtu aielewe hofu yake, kwanza awajue watu wa Tomnavarra, na kuwajua si kazi, kwa maana hawabadiliki. Kiwanda chao kilijengwa na wakulima watatu wa shayiri kando ya kijito, na tangu siku ya kwanza waliamini kwamba ukigusa chochote wiski itanuna. Walipoezua paa mwaka 1950 ili waweke jipya, utando wa buibui waliuhamisha kwa vijiti, kisha wakaurudisha mmoja mmoja kwenye boriti mpya. Watu wazima hao, na ndevu zao. Waliofanya kazi ile wanaisimulia mpaka leo bila hata kutabasamu.

Na juu ya imani zao zote ulikaa mbonyeo. Ulikuwa begani mwa mtungi, upande unaotazama mlango, mpana kama sahani ya supu, na kina chake kiasi cha kiganja cha mtu kulala ndani kikatulia. Kila mpishi mpya wa mtungi, siku yake ya kwanza, alivua kofia akaweka kiganja pale shaba ikiwa baridi, wenzake wakitazama, na hapo ndipo alipohesabiwa kuwa mpishi. Walisimulia kwamba mwaka 1898 farasi aliyeramba pombe iliyomwagika aliingia ndani na gari la mapipa, akaubamiza mtungi. Wiski ya mwaka huo ilipelekwa kwenye maonyesho Edinburgh ikarudi na nishani ya dhahabu. Baada ya hapo, nani angethubutu kuunyoosha?

Mtungi wa kwanza ulipochakaa, mwaka 1927, baba yake Eben alitengeneza wa pili, akaagizwa augonge mbonyeo uleule. Akaugonga. Miaka saba baadaye, saa sita mchana, mtungi ule ulipasuka begani, mvuke wa wiski ukakutana na makaa ya mawe yaliyokuwa yakiwaka chini, na Alec Mutch, mpishi, baba wa mabinti watatu, akazikwa katika jeneza lililofungwa kwa misumari kabla mkewe hajafika. Baba yake Eben akaitwa tena. Akatia bega jipya, na Mungu amsamehe, akaugonga mbonyeo tena, kwa sababu aliombwa na kwa sababu nyumbani kulikuwa na watoto.

Mwaka 1949, akiwa kitandani, pumzi zimebaki za kuhesabika, alimshika Eben mkono. "Hakukuwa na farasi," alisema. "Babu yako ndiye aliyeniambia. Mpishi alisahau vali ya hewa, mtungi ukajivuta wenyewe kwa ndani. Lile ni jeraha, Eben, nasi tunaligonga upya kila mara. Usiligonge tena."

Yangeweza kubaki majuto ya mzee aliyekwisha kufa. Lakini Effie, binti pekee wa Eben, alikuwa ameolewa mwaka wa pili sasa na Murdo Riach, na Murdo Riach ndiye aliyekuwa mpishi wa Tomnavarra.

Alikwenda kupima mwezi wa Aprili. Kwenye nyumba ya mitungi alimkuta Duguid, mtu mrefu mkavu aliyepiga kola shingoni hata siku ya kazi, pamoja na Murdo na mzee Coull. Coull alikuwa na miaka sabini na mbili. Kazi yake ya zamani ilikuwa kugeuza shayiri sakafuni kwa sepetu ya mbao, na mgongo ulipomkatalia wakamwachia kazi yenye heshima kuliko zote, ya kugawa pembe. Saa tatu asubuhi, saa sita, na jioni kazi ikiisha, kila mfanyakazi alipewa kikombe cha pembe ya ng'ombe chenye wiski mbichi, nyeupe kama maji, iliyotoka mtungini wiki hiyo.

"Eben!" Coull aliita. "Umekuja kuupima mtungi au kumpima mkwe wako? Maana mkweo amenenepa, sijui huyo binti yako anamlisha nini."

"Wivu tu, mzee," Murdo akajibu. "Meno ungekuwa nayo na wewe ungenenepa."

Walicheka. Eben alipima shingo, akapima tumbo, akagonga ukuta kwa kinyundo kidogo akisikiliza, na kila alipogonga karibu na bega sauti ilizidi kuwa nyembamba, mpaka kwenye mbonyeo penyewe ikawa kama ya mkebe mtupu. Kisha akawageukia.

"Mtungi nitautengeneza," alisema. "Mbonyeo sitaugonga."

Duguid alikohoa. "Samahani, Bwana Gauld?"

"Umenisikia." Naye akawaeleza, polepole, kama mtu anayewaeleza watoto. Mtungi ukimaliza kupika, ndani umejaa mvuke moto. Ukiumwaga, lazima uvute hewa. Ndiyo kazi ya vali ile pale juu. Usipoifungua, utajivuta kwa ndani, na utaanzia wapi? Pale palipokwisha kuanza. "Mtungi mzima mtu akisahau kidogo, unamsamehe. Huu hausamehe. Mwulizeni Alec Mutch."

Jina hilo halikuwa likitajwa mle ndani.

"Alec alikuwa mlevi," Coull alisema hatimaye.

"Alec alikuwa anakunywa pembe tatu kwa siku, Coull. Nani aliyekuwa akimpa?"

Murdo aliingilia kati upesi. "Baba, sikiliza. Mimi sisahau. Miaka sita nimefanya kazi hapa, sijasahau hata siku moja. Lakini ukitoa mbonyeo, hiyo haitakuwa Tomnavarra tena. Mvuke unapandia pale, unageukia pale. Sisi tunajua."

"Mnajua! Mnajua nini? Ni shaba iliyobonyea, mwanangu. Haina akili."

"Na babu yangu mimi aliweka kiganja pale," Murdo alisema, na Eben akaona kwamba yeye mwenyewe alikuwa akizungumza na ukuta.

Basi alirudi nyumbani, akafanya kazi majira yote ya kiangazi. Alichagua bati la shaba nene kuliko lililoagizwa. Alilichoma, akalifua, akalichoma tena, na bega la mtungi ule likatoka mviringo, laini, zima, kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya maishani. Kiolezo cha mbonyeo, alichokichora baba yake kwenye kipande cha zinki, alikitupa tanuruni akakitazama kikiyeyuka. Aliona amelimaliza jambo lenyewe.

Mtungi uliingia Tomnavarra mwishoni mwa Septemba, paa likafunguliwa kuupitisha, nao ukakaa kwenye matofali yake uking'aa mwekundu. Duguid aliuzunguka mara mbili.

"Uko wapi?" aliuliza.

Na hapo Eben, ambaye hakuwahi kudanganya juu ya shaba, alidanganya. Asubuhi hiyo Effie alikuwa amemwambia jikoni, uso umemwiva, kwamba ana mimba ya miezi minne. Alikuwa amempakulia kondoo na viazi, na Eben aliisogeza sahani kando.

"Shaba mpya ni kaidi," alimwambia Duguid. "Pikieni kwanza, izoee moto. Baada ya mwezi hivi nitakuja niugonge."

Shayiri ilikuwa imejaa ghalani, pombe inachemka povu katika mapipa makubwa, afisa wa ushuru amekwisha kufungua makufuli yake. Duguid hakuwa na la kufanya. "Mwezi mmoja," alisema.

Wakawasha moto. Mwezi ukapita, Eben akaandika kwamba mgongo unamsumbua. Wa pili ukapita, akaandika kwamba ana kazi ya haraka Aberdeen. Wa tatu akasingizia theluji, ingawa theluji ya mwaka huo haikumzuia hata kuku. Alidhani wataonja, watazoea, watasahau. Sijui kwa nini alidhani hivyo, mtu aliyewajua kiasi kile.

Barua za Effie zilimpa habari. Siku ya kwanza mtungi mpya ulipotoa wiski yake, wafanyakazi walipanga foleni kwa ajili ya pembe kama kawaida. Mzee Coull alikunywa wa kwanza. Aliizungusha mdomoni, akatazama dari, kisha akaitema, na iliyobaki katika pembe akaimwaga sakafuni mbele ya watu wote. Hakuna aliyewahi kuona kitendo kama kile. "Si yenyewe," alisema, akaketi kwenye gunia akawa analia. Tangu siku hiyo, Effie aliandika, Murdo halali vizuri. Watu hawamtanii. Wanamwambia ni mkwe wa yule aliyeiua Tomnavarra.

Kisha, katikati ya Januari, ikaja barua fupi. "Murdo anacheka tena. Mambo yamekaa sawa kiwandani. Mtoto anapiga mateke kama farasi. Uje kwenye ubatizo wake akizaliwa, usilete habari za mgongo."

Eben aliisoma barua ile mara tatu. Palikuwa na neno ndani yake lililomkera, na halikuwa habari za mgongo. Mambo yamekaa sawa. Yamekaaje sawa, na nani aliyeyakalisha?

Mtoto alizaliwa mapema Machi, wa kiume. Ubatizo ukapangwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, na Eben alifika Jumamosi asubuhi kwa gari la barua. Alimbusu Effie, akamtazama mtoto aliyekuwa mwekundu na mwenye hasira, akaambiwa jina lake litakuwa Ebenezer. Moyo ulimjaa. Alitoka nje apunge hewa.

Nyumba ya Murdo ilikuwa nyuma kabisa ya nyumba ya mitungi, hatua arobaini. Alipovuka ua, alisikia tok, tok, ya tufe la mbao lililoning'inia kwa kamba, ambalo mpishi hulipigisha mtungini ili ajue povu limepanda kiasi gani. Eben alisimama. Sauti ile haikuwa ya bega zima alilolifua yeye. Aliingia ndani bila kubisha.

Mbonyeo ulikuwa pale. Begani, upande wa mlango, mpana kama sahani ya supu. Ila huu ulikuwa mbaya, una kingo kali, umegongwa na mikono isiyojua, na ukingoni mwake, alipochutama, aliona mstari wa kijani mwembamba kuliko uzi. Aligusa kwa ukucha. Ufa.

"Umeuona," Murdo alisema nyuma yake. Alikuwa amevaa fulana, jasho linamtoka, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetoa zawadi. "Tulitaka tukushangaze, baba. Mwaka Mpya, moto ulipozimwa siku tatu, tukaufanya. Mimi na Coull na wengine wawili. Kiolezo hatukuwa nacho, lakini kiganja changu kinajua. Nilifumba macho, nikachora kwa chaki, na tulipoweka viganja, kila mtu akasema ndipo. Ndipo hapo!"

"Mliugonga baridi," Eben alisema.

"Eh?"

"Mliichoma shaba kwanza? Mliilainisha kwa moto?"

"Tungeilainishaje, nayo imejengwa kwenye matofali? Tuligonga tu. Tena ngumu hiyo, tulivunja nyundo mbili."

Shaba ikigongwa baridi hukakamaa, na ikikakamaa hukatika. Kila fundi anajua. Angekuja yeye mwenyewe Novemba, kama alivyoahidi, akaja na moto wake na nyundo zake, ungekuwa mbonyeo wa kuhofiwa baada ya miaka kumi. Huu usingemaliza hata mwaka. Na ni uongo wake yeye uliouweka pale.

"Zima moto, Murdo."

"Tumemaliza. Nimekwisha kuvuta makaa, nasubiri kumwaga tu. Ni mpiko wa mwisho wa wiki."

"Basi usiwashe tena. Jumatatu usiwashe. Pana ufa hapa, njoo uone, pana ufa!"

"Ah, baba, hiyo kutu."

"Mimi ndiye mfua shaba hapa au wewe? Una mtoto wa wiki tatu!"

"Na huyo mtoto atakula nini, Tomnavarra ikifa?" Murdo naye alipandisha sauti, mara ya kwanza tangu amwoe Effie. "Ulituahidi! Tukakungoja kama wajinga. Unajua waliniitaje miezi mitatu? Unajua Coull alilia? Wewe ulikaa kwako na mgongo wako. Nilichofanya ni kazi uliyoiacha wewe!"

Na ilikuwa kweli.

Nje uani watu walikuwa wamekusanyika. Ilikuwa karibu saa sita, na Jumamosi hiyo pembe ya mchana ilikuwa ya kumnywea mtoto heri. "Murdo!" sauti ya Coull iliita. "Toka huko, baba mtu! Mwanao anakauka koo!" Wakacheka, wakaanza kupiga makofi.

"Nakuja!" Murdo alijifuta uso kwa fulana. Aliufikia mpini wa bomba la chini, akauzungusha, na mabaki ya pombe, yangali moto, yakaanza kukimbilia nje kwenye mfereji kwa kishindo, mvuke ukipanda. Kisha akampita Eben bila kumtazama, akatoka kwenye mwanga.

Eben alibaki ameinamisha kichwa. Aliwasikia wakishangilia. Alisikia mabaki yakikimbia. Na kuna kitu hakukisikia. Tangu utotoni, katika kila kiwanda alichokwenda na baba yake, mtungi ulipomwagwa kulitangulia sauti moja, ndefu, ya kushusha pumzi, vali ya hewa inapofunguliwa. Alijaribu kukumbuka kama ameisikia. Hakuisikia.

Aliinua macho. Mbonyeo ulisogea.

Ulisogea kidogo tu, ukaingia ndani kiasi cha unene wa kidole, na bega zima likalia kwa sauti ya chini. Uzi wa kijani ulifunguka ukawa mweusi. Chini ya tanuru, makaa yaliyovutwa nje yalikuwa bado mekundu, yamelala sakafuni hatua mbili kutoka kwenye ufa.

Eben alikuwa na miaka hamsini na tisa na goti moja bovu, na hakujua alivyopanda ngazi ile. Vali ilikuwa juu ya bega, gurudumu dogo la shaba, moto wa kuunguza. Kitambaa cha kulishikia alikuwa nacho Murdo mfukoni. Alilishika hivyohivyo kwa mikono yote miwili. Halikugeuka. Mtungi ulikuwa umelishikilia kwa ndani kwa nguvu zake zote, na chini yake alisikia bega likizidi kuzama, ribiti ikiruka na kugonga ukuta. Alining'inia. Alipiga kelele, lakini uani walikuwa wanaimba. Alisikia harufu ya nyama, akaelewa ni viganja vyake, akazidi kuning'inia, akimwita baba yake na kumtukana, mpaka gurudumu lilipotoa robo mzunguko na hewa ikaingia kwa mlio mkali kama wa filimbi ya treni.

Mtungi ulitulia. Hapo ndipo wimbo ulipokatika.

Hakuna aliyekufa. Murdo ndiye aliyemshusha, akilia, akisema "nisamehe, baba, nisamehe," na gari la hospitali lilimchukua Eben hadi Elgin. Daktari alimwambia viganja vitapona lakini vidole havitakunjika tena. Hatashika nyundo. Mtoto alibatizwa wiki mbili baadaye, babu yake akiwa amekaa mbele kabisa kanisani, mikono imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko, na mchungaji aliomba kwa ajili yake kwa jina. Watu wote wa kiwanda walimpa heshima kubwa. Coull alimvulia kofia.

Effie alimweka katika chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama nyumba ya mitungi. Eben alidhani wameubomoa mtungi. Hakuna aliyemwambia vinginevyo, mpaka Jumatatu moja asubuhi aliposikia tok, tok.

Mchana huo Duguid alikuja kumsalimu. Alikaa kwenye ncha ya kiti, kola shingoni. Alimshukuru kwa niaba ya wamiliki. Ufa, alisema, umetiwa lehemu na fundi mzuri kutoka mjini. "Mbonyeo hatukuugusa. Umeongezeka kina, unajua, karibu mara mbili." Alisita, akainamisha kichwa karibu, na macho yake makavu yalikuwa yamelowa. "Bwana Gauld, leo tumeonja. Sijawahi. Coull anasema hata nishani ya 1898 haikuwa hivi. Fundi anachukua kiolezo cha mbonyeo kesho."

Eben aligeuzia uso ukutani. Duguid alifikiri amechoka, akaaga.

Jioni Murdo aliingia na chupa ndogo ya dawa iliyooshwa, imejaa wiski mbichi. Alifunga mlango, akapiga goti kando ya kitanda.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "niliwaambia kitu leo. Niliwaambia wewe umenipa uhai, kwa hiyo neno lako ndilo la mwisho. Uonje. Ukisema si nzuri, naapa kwa huyu mtoto, nitauvunja kwa mikono yangu. Coull amekubali. Wote wamekubali."

Eben alimtazama. Kilichotakiwa kilikuwa neno moja, na uongo alikwisha kuufanyia mazoezi.

"Nipe," alisema.

Murdo alimwinua kichwa kwa kiganja, akamtia chupa mdomoni kama anavyonyweshwa mtoto. Eben alikuwa amejiandaa kukunja uso. Alikuwa amelitayarisha na neno lenyewe. Lakini wiski iliingia, ikatandaza ulimini shayiri na asali na moshi mdogo wa mbali, ikashuka, na ilipokwisha kushuka ikarudi tena, na katika miaka yake yote ya kuonja wiski za mabonde yale hakuwahi kukutana na kitu kilichokaribia kile. Machozi yalimtoka kabla hajayazuia.

"Mbaya," alisema. "Mbaya kabisa. Uvunje."

Murdo alimfuta mdomo kwa kidole gumba. Alikuwa anatabasamu kwa upendo mwingi.

"Baba, wewe hujui kudanganya," alisema. "Nimekuona uso."

"Murdo. Murdo, nakuomba."

"Sitasahau vali. Naapa. Baada ya siku ile, unadhani naweza kusahau tena?" Alimfunika blanketi, akainuka, akatazama saa yake. "Lala. Kesho nina zamu."

Kesho yake Eben aliamka mapema, akamwambia Effie amsogezee kiti dirishani na afungue kioo, ingawa kulikuwa na baridi. Effie alimlaza mtoto mapajani pake, kwa kuwa mikono haikuweza kumshika. Alisikia makaa yakipakuliwa. Alisikia tufe likigonga. Saa sita kasorobo, mtungi ulishusha pumzi ndefu, na yeye akashusha yake, kisha akakaa vizuri kitini kuisubiri ya jioni.